Fundi Akifa: Magari ya Watu, Spana Zake na Safari Ambazo Hakuziandika

Baba yetu alikuwa fundi magari hapa Tanga tangu kabla sijazaliwa mpaka wiki aliyofariki. Mimi ni bintiye wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi. Ndimi niliyepewa usimamizi wa mirathi yake, na ndimi niliyeombwa na wazee niandike historia yake ya kusomwa siku ya arobaini.

Kazi zote mbili zilinielemea kwa sababu moja: mambo ya baba yalikuwa kichwani mwake. Gari lipi la nani, nani ametanguliza nusu ya fedha, spea ipi imeazimwa wapi, alikwenda Kagera na lori gani, ilikuwaje akamchukua mama na watoto wadogo akawapitisha porini Saadani. Yote hayo aliyajua yeye. Alikuwa na kumbukumbu kali mno, kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuandika chochote. Nawaandikia wenye fundi nyumbani, awe wa magari, wa redio au wa cherehani, yeyote ambaye sehemu yake ya kazi imejaa vitu vya watu.

Kiharusi kilimpata usiku, akafariki hospitalini alfajiri, na baada ya Alasiri alikuwa ameshazikwa. Makaburini sisi wanawake hatukwenda, lakini niliambiwa ami yetu alisimama akatangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu aje kwa familia, na anayedaiwa naye ajitokeze. Misiba mingi tangazo hilo husemwa, watu wakaitikia, wakatawanyika. Kwa fundi mambo hayaishii hapo. Kesho yake tu, wanaume wako kwenye mikeka wanasoma, mtu wa kwanza alikuwa ameshafika gerejini na kamba ya kuvutia gari lake.

Gereji ipo Ngamiani, uwanja wa kukodi wenye mwarobaini mkubwa katikati. Siku ile palikuwa na Noah iliyoshushwa giaboksi, Corolla mbili, pikapu la muuza samaki wa Deep Sea likiwa limefunguliwa silinda hedi, basi dogo la shule lisilo na breki za nyuma, na pembeni kabisa Peugeot 504 ya rangi ya maziwa ambayo imekaa pale tangu nilipokuwa sekondari. Nati za kila gari zilikuwa kwenye makopo ya maziwa ya unga, na makopo hayakuandikwa kitu.

Hapo ndipo kaka yetu wa gereji alipotuokoa. Namwita kaka ingawa hatukuzaliwa pamoja. Baba alimchukua akiwa mtoto wa miaka 10 aliyekuwa akiokota vyuma chakavu, akamleta nyumbani, akala nasi, akasoma, akawa fundi. Usiku ule wa mazishi, kabla hajalala, alikwenda gerejini na taa akapiga picha kila gari: mbele, nyuma, ndani, dashibodi, na injini yote pamoja na nafasi ya kila kilichofunguliwa. Kila kopo akalipiga picha likiwa juu ya boneti ya gari lake. Kwa hiyo yule mtu wa kamba alipokuja, kaka alimwambia gari haliondoki mpaka ami awepo, mjumbe awepo, na yeye aje na kadi ya gari.

Yule mzee alikasirika. "Mmeshaanza kuniona mwizi? Miaka yote naleta gari hapa!"

"Hapana, mzee wangu," kaka akamjibu. "Baba angekuwepo asingekuuliza hata jina. Sisi hatuna macho yake."

Alirudi na kadi. Tukamwandikia karatasi: namba ya usajili, gari limeletwa lina tatizo gani, nini kimefunguliwa, ametanguliza kiasi gani, spea gani inangojwa, na hali linavyoondoka. Akatia saini yeye, ami na mjumbe. Karatasi ile ikawa mfano wa nyingine zote. Kama mna msiba wa namna hii, picha zipigwe siku hiyo hiyo, kabla wema na haya havijawafunga mikono. Msiba unaingiza watu wengi, na spana hazina majina.

Sheikh alituweka sawa mapema: gari la mteja si mirathi, ni amana, na amana hurudi kwa mwenyewe kabla hamjazungumzia nani anarithi nini. Vivyo hivyo madeni. Mwenye duka la spea alikuja na daftari lake, anadai zaidi ya laki sita. Tuliketi naye mbele ya ami, tukapitia mstari mmoja mmoja na kaka akieleza kila spea ilifungwa kwenye gari gani. Sehemu kubwa ilikuwa kweli, tukaikubali kwa maandishi. Sehemu ndogo ilikuwa imeshalipwa, naye akaikata bila ugomvi. Lililouma ni altaneta, kifaa cha kuchaji betri, ya Corolla moja. Haikuwepo. Baba aliichomoa akaifunga kwenye gari la daktari aliyekuwa na safari ya usiku, akitegemea mpya ifike kutoka Dar es Salaam. Gereji nyingi hufanya hivyo na huwa salama, maadamu aliyeazima bado yuko hai. Tulinunua nyingine kwa fedha za rambirambi, na sijutii, lakini fedha hizo zilikuwa za chakula cha mama.

Karatasi nyingine ya kuitunza kuliko mnavyodhani ni kibali cha mazishi kinachotolewa hospitalini. Binamu yetu alikwenda nacho makaburini akarudi kimekunjwa mfukoni mwa kanzu, na kanzu ikawa tayari kwenye beseni la nguo za kufua. Mama mdogo ndiye aliyepapasa mfuko. Kibali hicho ndicho kinachowafikisha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kuandikisha kifo, na kifo kinapaswa kuandikishwa ndani ya siku 30. Bila cheti cha kifo, mahakama haiwapokei, benki haiwasikilizi, na hata pikipiki ya marehemu hamwezi kuihamishia jina.

Wakati hayo yanaendelea mchana, usiku nilikuwa naandika historia. Historia za marehemu tunazozisikia huwa na mistari ile ile: alizaliwa, alisoma, alioa, alijaliwa watoto, alikuwa mcheshi na mwenye kupenda watu. Baba hakuwa mtu wa mistari hiyo. Nikaanza kuwatembelea wenzake, wazee wa gereji na madereva wa zamani wa Makorora, Chumbageni na Muheza. Nikiwauliza "mwaka gani" walitazamana. Nikiuliza "alikuwa anatengeneza gari gani wakati huo?" walishindana kusema. Fundi hakumbuki miaka, anakumbuka magari. Basi nikayapanga maisha yake kwa magari, kisha kila gari nikalifunga kwenye tukio linalojulikana: Azimio la Arusha la 1967, Vita vya Kagera, miaka ya foleni za sukari, mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kwa mtu yeyote anayekusanya habari za mzee wake, njia hiyo naisifia sana. Muulize mvuvi majina ya mashua, mshonaji umuulize cherehani zake.

Gari la kwanza la baba lilikuwa la redioni. Alikulia kijiji cha Muheza, na ami anakumbuka jinsi walivyokaa dukani kusikiliza habari za mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1966 na tena 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiendesha Peugeot 404. Kwa watoto wa Muheza ule ulikuwa ushindi wa kwao. Baba alichonga 404 kwenye dawati la shule akachapwa, akachonga tena kwenye mlango wa choo cha nyumbani akachapwa zaidi. Mapenzi yake kwa Peugeot hayakumtoka hadi uzee.

Alipomaliza shule alipata kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Enzi hizo mkonge ndio uliokuwa uti wa mgongo wa Tanga, na karakana ya shamba ilikuwa chuo kikubwa: malori, matrekta, vichwa vya treni ndogo za kubebea majani, na mashine ya korona yenyewe inayosaga majani kutoa singa, yaani nyuzi za mkonge. Fundi mkuu alikuwa Singasinga mzee aliyemwosheza vyuma kwa mafuta ya taa kwa muda mrefu kabla ya kumkabidhi spana. Baba alipokuja kuwa na wanafunzi wake naye aliwaanzishia kwenye karai. Alisema anayeosha chuma kwa makini atajua kinavyolika, na akijua kinavyolika atajua gari litakufa lini.

Vita vya Kagera vilipozuka mwishoni mwa 1978, magari mengi ya mashirika na watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na mizigo, na mafundi wakahitajika kwenda nayo. Baba alijitolea. Alifika Bukoba, akavuka Mutukula, na hakuwahi kutusimulia bunduki hata moja. Alisimulia springi. Malori yalizidishiwa mizigo, springi zikakatika, naye alizifunga kwa vipande vya mti na mipira ya tyubu iliyokatwa ukanda mrefu, gari likafika. Mzee mmoja wa Makorora waliyekuwa naye kule ndiye aliyenieleza kwamba baba alikuwa na kawaida ya kulala chini ya gari alilolitengeneza, si lililokuwa zima, ili dereva alichukue kwa moyo mkunjufu asubuhi. Hilo mama mwenyewe hakulijua.

Miaka ya mwanzo ya themanini spea hazikuwepo, petroli ilikuwa ya kibali, na Jumapili mchana magari binafsi yalikatazwa barabarani. Hapa naweza kusimulia nilichokiona kwa macho yangu. Gasketi ya pampu ya maji ikipasuka, baba alichukua katoni nene, akaiweka juu ya uso wa pampu, kisha akashika nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo akawa anagonga pole pole kuzunguka ukingo wa chuma. Ukingo wenyewe ndio ulioikata katoni. Akifika kwenye tundu la nati anageuza nyundo, anagonga kwa upande wa mviringo, kiduara kidogo cha katoni kinadondoka ndani. Mimi na wadogo zangu tuligombea viduara hivyo. Akimaliza anaipaka grisi pande zote mbili, anaifunga, na gari linakwenda Korogwe na kurudi bila kuvuja. Tangi la petroli likitoboka kidogo alilisugua kwa sabuni ya mche iliyolowanishwa kidogo tu. Petroli haiyeyushi sabuni, kwa hiyo tundu hukaa limezibika hadi mtu afike kwa mchomeleaji.

Na sasa Saadani. Safari hii kila mtu nyumbani ana simulizi yake, nikaona nimuulize mama siku moja ya eda tukiwa tunachambua mchele. Baba alikuwa ametoka shambani, bei ya mkonge imeporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni, karakana zinafungwa. Alilipwa sehemu ya haki zake kwa Land Rover kuukuu, aina ya 109, isiyotembea. Akaifufua. Wiki ilipotembea tu akasema twende Mkwaja kwenye harusi ya upande wa mama, na kutoka hapo tusogee Saadani tuone tembo wanaofika ufukweni.

"Harusi ilikuwa kisingizio," mama alisema. "Baba yenu hakuwa na safari, alikuwa na hamu."

Tukatoka Tanga hadi Pangani, tukavuka kwa kivuko kwenda Bweni, tukashika njia ya mchanga na magugu kuelekea kusini. Nakumbuka harufu ya dizeli na mihogo ya kuchemsha. Mbele huko, jua linakaribia kuzama, kilisikika kishindo nyuma, injini ikaunguruma lakini gari halisogei. Baba alizima, akakaa kimya kidogo, akasema, "Ekseli ya nyuma, upande wa kushoto." Alijuaje upande, hakuna anayejua.

Mama alishika tochi. Baba alifungua nati za kikombe cha gurudumu la kushoto, akavuta ekseli ikatoka kipande, imekatika ndani. Land Rover zile gurudumu linashikiliwa na hubu yake, yaani kitovu chake, si ekseli, kwa hiyo ukiitoa gurudumu linabaki linazunguka. Kazi ngumu ilikuwa kile kisiki kilichobaki ndani ya difu, kasha la meno yanayozungusha ekseli, maana kikiachwa kinasaga meno. Alitengeneza kitanzi cha waya, akalala kifudifudi akakivua, kitanzi kinateleza, anarudia, mpaka kikatoka kikiwa na oili. Alikifuta kwenye shati, akakiinua kwenye mwanga akakitazama, akampa mama akisema, "Tunza, nitamwonyesha mtoto nikishakua." Mama alicheka kwa sababu alimaanisha mtoto akishakua. Usiku ule tulilala pale pale kwenye mkeka, moto umewashwa kwa ajili ya wanyama, baba hakufumba jicho. Asubuhi akaziba hubu kwa kitambaa na bati la kopo, akaingiza gia ya magurudumu manne, gari likavutwa na magurudumu ya mbele peke yake hadi Mkwaja. Harusi tuliikuta inaisha. Tembo hatukuwaona. Kisiki cha ekseli kipo, nacho kilipitishwa mkono kwa mkono siku ya arobaini.

Huyo ndiye mtu mmoja na yule yule aliyekuwa akirudi nyumbani kabla ya Magharibi kila siku ya kazi. Wengi hudhani mtu wa hamu kama zile huitupa familia. Baba aliibeba familia ndani ya gari. Alitutembeza Horohoro enzi barabara ni vumbi tupu, alitupandisha Lushoto kwa kona za Soni, na kila mwanafunzi wake alimpeleka kule kabla hajamruhusu kujaribu gari la mteja, ili ajue kushuka mlima na gia aliyopandia badala ya kukanyaga breki mpaka ziungue. Hakutushika na mikono ya oili. Mama alimwekea machicha ya nazi na sabuni ya unga kwenye kibakuli kando ya bomba, anasugua mpaka mistari ya viganja inaonekana. Vijana wake aliwakataza kunawa kwa petroli, na aliwakataza kupuliza vumbi la breki kwa mdomo au kwa upepo wa kompresa, maana lainingi za zamani zilikuwa na asbesto na vumbi lake linaharibu mapafu. Mwenye gereji anayesoma haya, hilo la vumbi lifuate leo.

Magari ya Japani yanayopuliza petroli kwa sindano za umeme yalipojaa mjini, mafundi wengi wa rika lake walikunja mikono. Yeye alimpeleka kaka wa gereji VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ajaribiwe ujuzi wake na kupewa cheti, akanunua mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akamwita mdogo wangu wa mwisho wa kike akiwa likizo amsomee Kiingereza kilichoandikwa humo. Lakini kabla ya mashine alikuwa bado anachukua bisibisi yake ndefu, ncha juu ya injini, mpini nyuma ya sikio, macho yamefumbwa. "Silinda ya tatu," anasema. Halafu mashine inawashwa.

Narudi kwenye mirathi, kwa sababu hapa ndipo familia huumizana.

Kikao cha ukoo kilikaa baada ya siku za matanga. Palikuwa na waliosema msimamizi awe mwanamume. Ami, ambaye ndiye aliyetarajiwa kuwaunga mkono, alisema sheria haibagui na dini haikatazi mwanamke kutunza amana, na kwamba mwenye subira ya kuandika ni mimi. Muhtasari ukaandikwa, waliohudhuria wote wakatia saini. Muhtasari huo uandikwe siku hiyo hiyo na usainiwe watu wakiwa bado wameketi; kuwatafuta baadaye mmoja mmoja ni nauli na maneno. Kwa kuwa marehemu alikuwa Muislamu na mali yake inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka. Tulijaza fomu namba 1 ya kuomba usimamizi, tukaambatanisha cheti cha kifo na muhtasari, tangazo likabandikwa, siku ikapangwa, nikahojiwa, nikateuliwa. Ada yenyewe ni ndogo. Kinachokula fedha ni nauli, kudurufu karatasi, chakula cha vikao, na siku za kazi zinazopotea. Nje palikuwa na wanaojitolea kukusaidia kwa bei ya kutisha. Makarani wa ndani huonyesha jinsi ya kujaza ukiuliza kwa adabu.

Baada ya kuteuliwa, msimamizi ana miezi 4 ya kupeleka fomu namba 5, orodha kamili ya mali na madeni. Angalieni muda huo unavyoangukiana na eda ya mama, ambayo ni miezi 4 na siku 10. Kwetu mjane hatoki ovyo, na ndiye pekee aliyejua baba alikuwa na kiwanja Pongwe na nani aliuziana naye. Ilibidi niwe nakwenda na daftari chumbani kwake kila jioni. Muulizeni mapema, lakini kwa upole. Kuna siku nilimkuta ameshika kitambulisho cha baba, nikafunga daftari nikakaa naye tu.

Mgawo wenyewe ulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Mama ana thumuni, kaka zangu wawili mafungu mawili mawili, sisi mabinti watatu fungu moja moja. Jumla mafungu 8 yanayolingana. Kilicholeta machozi ni spana.

Kaka wa gereji si mrithi. Mtoto wa kulelewa, hata akiwa ndiye aliyemuogesha baba alipopooza mara ya kwanza, hana fungu katika mirathi ya Kiislamu. Njia yake ni wasia, usiozidi theluthi ya mali, au hiba, yaani zawadi aliyokabidhiwa wakati mtoaji yu hai. Baba alikuwa akisema mara nyingi, "Spana hizi zako, mwanangu." Lakini alisema akiwa anafanya kazi nazo, na jioni anafunga sanduku na funguo anaondoka nayo. Sheikh alituuliza kama kuna mashahidi wa wasia. Walikuwepo wengi waliosikia, na kila mmoja alikuwa na maneno yake. Basi spana, jeki kubwa, kompresa na mashine ya kusomea magari vyote vikaingia kwenye fomu namba 5, nami niliviandika kwa mkono wangu huku kaka akinitajia ukubwa wa kila spana, moja baada ya nyingine, bila kulalamika. Sijawahi kuandika kitu kizito kama kile.

Ndugu yangu mmoja anayekaa Dar es Salaam alitaka vifaa viuzwe tugawane. Alikuwa na haki yake, na alikuwa na ada za watoto. Hatukumzomea. Ami alituita warithi peke yetu, akatwambia kila mtu ana uhuru na fungu lake: anayetaka kumwachia yule kijana aseme kwa ridhaa yake, asiyetaka asilazimishwe. Mama alianza, sisi mabinti tukafuata, kaka mkubwa naye. Yule wa Dar es Salaam fungu lake likathaminiwa, na kaka wa gereji analilipa kidogo kidogo kwa maandishi. Hawajanuniana. Lakini usingizi tulioukosa wiki zile ungeepukwa kwa karatasi moja na mashahidi wawili. Mzee mwenye mtoto wa kulea au kijana aliyemrithisha kazi, aandike wasia au amkabidhi kabisa anachotaka kumpa, afya ikiwepo.

Siku ya arobaini nilisoma. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi, ami akaniambia nisome zote. Nilipofika kwenye malori ya Kagera, dereva mmoja mzee alinyoosha mkono akasema pale Mutukula si springi mbili, zilikuwa tatu, na mti ulikuwa wa mgunga. Nikaandika pembeni palepale. Watu watatu wengine wakasimama baada yake. Mdogo wangu aliweka simu irekodi, na rekodi ile ina habari nyingi kuliko karatasi zangu. Sauti ya baba mwenyewe tuliyonayo ni ujumbe mfupi wa simu tu, anamwambia mteja gari limepona aje alichukue. Mama yu hai, na sasa kila Ijumaa anasimulia, tunarekodi.

Hesabu ya mwisho, fomu namba 6, nimeshaipeleka mahakamani. Magari yote yamerudi kwa wenyewe isipokuwa moja. Mahakama ilielekeza tumtangazie mwenye nalo, tukabandika tangazo serikali ya mtaa, hajatokea mtu. Ni ile Peugeot 504 ya rangi ya maziwa. Kwenye daftari kuukuu la miaka ya tisini kuna mstari mmoja tu kwa mwandiko wa baba: "504, mwalimu wa Maramba, kalipa yote." Injini yake nzima, kaka anaiwasha kila mwezi. Kama mwalimu huyo yupo, au wanawe wapo, waje Ngamiani na kadi ya gari. Hadaiwi kitu.